Kuporomoka kwa West Indies kwenye kriketi: chanzo hasa ni kipi?

Kigingi_cha_Kati

Wakuu, habari zenu. Naomba wanaoifuatilia kriketi kwa undani wanisaidie kulipanga hili jambo.

Baada ya kufungwa na New Zealand mwanzoni mwa 1980, West Indies, timu ya pamoja ya nchi za Karibi, hawakupoteza mfululizo wowote wa Testi (mechi za mataifa za hadi siku tano) hadi Mei 1995, Australia walipowafunga 2-1 huko huko Karibi. Miaka 15, mifululizo 29. Walikuwa wameshabeba Kombe la Dunia 1975 na 1979. Uingereza walichapwa 5-0 nyumbani kwao 1984, wakachapwa 5-0 tena 1986. Halafu Julai 2025, uwanja wa Sabina Park mjini Kingston, West Indies hao hao wanatolewa wote kwa mikimbio, yaani pointi, 27 katika zamu moja. Katika historia nzima ya Testi ni New Zealand peke yao waliowahi kwenda chini ya hapo, 26, mwaka 1955.

Maelezo ninayokutana nayo ni manne: vijana wamekimbilia mpira wa kikapu, sheria ya 1991 iliyobana mipira mifupi (inayodunda mbali na mpigaji na kumrukia kifuani au kichwani), pesa za T20 (kriketi fupi ya ova 20 kwa timu, ova ikiwa mipira sita), na bodi mbovu. Kila mtu anashika lake na kuliona ndilo lote. Ninachotaka ni mpangilio: kipi kilitangulia, kipi kilifuata, na kipi ni dalili tu.

Swali la pili: Januari 2024 timu hii iliwafunga Australia kwa mikimbio 8 kwenye uwanja wao wa Gabba, Shamar Joseph akichukua wiketi 7 kwa 68 (yaani aliwatoa wapigaji saba na kuruhusu mikimbio 68). Inakuwaje mwaka mmoja na nusu baadaye watolewe kwa 27 na Australia hao hao?

---

Ova_Tisini

Mkuu, mpira wa kikapu uuweke pembeni kwanza. Kama tatizo lingekuwa vijana warefu wenye nguvu kupotea, warushaji wa kasi ndio wangetoweka wa kwanza. Hawajatoweka. Jayden Seales, Alzarri Joseph na Shamar Joseph wangepata namba kwenye timu nyingi za leo.

Kilichopotea ni siku za kucheza. Ili ulione hilo, uliza kwanza ile timu kubwa ilitengenezwa wapi, kwa sababu haikutengenezwa Karibi peke yake. Mashindano ya daraja la kwanza (mechi za siku kadhaa, ngazi ya chini ya Testi) ya ukanda ule, Shell Shield na baadaye Red Stripe Cup, katika miaka ya 1980 yalikuwa na timu sita zinazokutana mara moja moja. Hesabu: mechi 5 kwa timu kwa msimu mzima. Hakuna mpigaji wa Testi anayepikwa kwa mechi 5.

Jiko lilikuwa kaunti za Uingereza (timu za kulipwa za mikoa), ambako mchezaji alipata zaidi ya mechi 20 za daraja la kwanza kwa kiangazi kimoja. Nahodha Clive Lloyd alikuwa Lancashire. Viv Richards na Joel Garner, Somerset. Gordon Greenidge, Andy Roberts na Malcolm Marshall, wote Hampshire kwa nyakati tofauti. Michael Holding alikuwa Derbyshire, Desmond Haynes Middlesex, Courtney Walsh Gloucestershire, Curtly Ambrose Northamptonshire. Msimu wa huko unaanza pichi (ukanda wa ardhi ambako mpira unadunda) ikiwa na unyevu na mpira unayumba, unaishia pichi imekauka na mpira unakata. Mpigaji anakutana na hali zote hizo ndani ya miezi mitano, kisha anarudia mwaka unaofuata, kwa miaka kumi. Mtu kama Greenidge alipoingia kwenye Testi, hakukuwa na hali ya pichi ambayo hajaikuta.

Nguzo ya pili ilitoka Australia. Kerry Packer, tajiri wa televisheni, alipoanzisha mashindano yake, 1977 hadi 1979, wachezaji wa West Indies walilipwa vizuri kwa mara ya kwanza, na wakapewa mkufunzi wa mazoezi ya mwili, Dennis Waight, Mwaustralia. Kukimbia, kunyoosha misuli, kutunza migongo ya warushaji. Mashindano yalipokwisha, Waight alibaki na timu kwa miaka mingi. Warushaji wanne wa kasi hawawezi kufanya kazi Testi tano mfululizo bila matunzo ya namna hiyo.

Mtindo wenyewe wa warushaji wanne ulizaliwa kwenye kipigo. Aprili 1976, Port of Spain, Lloyd alipanga warushaji watatu wa spini (mpira wa polepole unaozungushwa), akaiachia India shabaha ya 403. India wakaifikia kwa kupoteza wiketi nne tu. Kutoka hapo Lloyd akageukia kasi. Mpango ulikuwa hivi: kila mrushaji anapewa ova tano au sita za nguvu zote, anapumzishwa, anaingia mwingine asiyechoka. Mpigaji anayemvumilia Holding hapati nafuu, kwa sababu anayefuata ni Garner. Mpira wa kilomita 140 kwa saa unamfikia mpigaji ndani ya takriban nusu sekunde, na unamfikia hivyo kutwa nzima. Zaidi ya hapo, warushaji wanaokimbia kutoka mbali walitoa ova chache, mara nyingi chini ya 13 kwa saa, kwa hiyo mpinzani alikosa hata mipira ya kutosha kutafutia mikimbio.

Sasa ondoa nguzo moja moja. Kaunti zikabanwa hadi kila moja ikabaki na mgeni mmoja, na ratiba ya kimataifa ikajaa hadi mchezaji wa Testi akawa hana kiangazi kizima cha kuwapa. Mwaka 1991 Richards, Marshall na mlinda wiketi Jeff Dujon wakacheza Testi yao ya mwisho siku moja, pale The Oval. Greenidge alikuwa ameshaondoka miezi michache kabla. Waliorithi nafasi zao walikuwa wamelelewa kwa zile mechi 5.

Ufa ulifichwa na watu watatu: Ambrose (wiketi 405), Walsh (519) na mpigaji Brian Lara. Nyumbani walitosha. Ugenini hawakutosha. Chukua ziara tano kuanzia Novemba 1997 hadi Januari 2001: Pakistan 0-3, Afrika Kusini 0-5, New Zealand 0-2, Uingereza 1-3, Australia 0-5. Testi 20, wamefungwa 18, wametoka sare moja, wameshinda moja. Ambrose aliaga 2000, Walsh 2001. Mnara ulikuwa umeshaanguka wao wakiwa bado ndani.

---

Udongo_Mfinyanzi

Nakubaliana na Ova_Tisini kwenye kaunti. Naongeza mambo mawili, sheria na pichi.

Sheria ya 1991 iliruhusu mpira mfupi mmoja tu kwa kila mpigaji kwa ova; 1994 ikalegezwa kuwa miwili. Wengi wanaamini ndiyo iliyowamaliza. Lakini tazama matokeo baada ya sheria kuanza. Mapema 1993 pale Perth, Ambrose alichukua wiketi 7 kwa mkimbio mmoja ndani ya mipira 32. Mwaka 1994 Port of Spain, Uingereza walitolewa wote kwa 46, Ambrose akiwa na 6 kwa 24. Mpira mfupi ulikuwa wa kumrudisha mpigaji nyuma. Uliomtoa ulikuwa ule wa urefu mzuri uliofuata. Mrushaji bora aliendelea kuua chini ya sheria mpya. Waliobanwa ni wale wa daraja la pili, ambao bila vitisho hawakuwa na kitu kingine mkononi.

Pichi ni jambo zito zaidi, na halizungumzwi vya kutosha.

Pichi ina urefu wa mita 20.12 na upana wa mita 3.05. Kasi na mdundo havitoki kwenye ugumu wa juu peke yake. Unahitaji udongo wenye mfinyanzi mwingi, umwagiliwe hadi chini, kisha ushindiliwe kwa rola taratibu kwa siku kadhaa huku maji yakitoka kidogo kidogo, nyasi fupi zikiwa bado hai ili mizizi iushike udongo. Ukiharakisha, ukashindilia tabaka la juu tu likiwa limeshakauka, unapata ganda gumu juu na ulaini chini. Mpira ukitua, ulaini ule unameza nguvu yake. Unachelewa, unafika usawa wa goti. Ukiongeza kutumia mkanda ule ule wa pichi mechi baada ya mechi bila kuupumzisha, nyasi zinakufa na uso unabaki vumbi.

Hali hiyo ndiyo iliyoenea Karibi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, na imeharibu pande zote mbili za mchezo. Kwenye ligi ya ukanda waliovuna wiketi wakawa watu wa spini na wa mwendo wa kati. Nikita Miller wa Jamaica alikusanya zaidi ya wiketi 500 za daraja la kwanza na akacheza Testi moja tu, kwa sababu waliochagua timu walijua wiketi zile zimetokana na pichi gani. Kijana wa kasi alipasua mgongo wake kwenye pichi isiyomlipa. Mpigaji naye alijifunza kwamba mpira hauruki, basi akauzoea mguu wa mbele: anaupeleka mbele mapema, anausimika, anapiga kwa kufuata mstari wa mpira. Kule mpira unaporuka au kuyumba, mguu huo huo unamfunga pingu.

Kuhusu matunzo ya viwanja, mfano mmoja unatosha. Tarehe 13 Februari 2009, uwanja wa Sir Vivian Richards kule Antigua, uliojengwa kwa ajili ya Kombe la Dunia 2007, Testi dhidi ya Uingereza ilisimamishwa baada ya mipira 10. Siyo pichi iliyokataa, ni eneo la kukimbilia: lilijaa mchanga uliolegea, mrushaji akikanyaga mguu unazama. Mechi ikahamishiwa uwanja wa zamani wa Antigua Recreation Ground, ikaanza upya siku mbili baadaye. Huo ni uwanja mpya kabisa, uliopewa jina la mpigaji wao mkubwa kuliko wote.

---

Mhasibu_wa_Mikimbio

Mimi nashika bodi na pesa, maana hapa watu husema "bodi mbovu" wakaishia hapo.

West Indies si nchi. Ni bodi sita zilizoungana: Barbados, Guyana, Jamaica, Trinidad na Tobago, Visiwa vya Leeward na Visiwa vya Windward. Mbili za mwisho zenyewe ni mikusanyiko ya visiwa. Kila bodi ina kura zake, kila moja inataka viwanja vyake vipewe mechi na watu wake waitwe kwenye timu. Hakuna serikali moja yenye kuwajibika, hakuna hazina moja. Hata ligi ya ndani ni safari za kimataifa: kutoka Kingston hadi Georgetown ni zaidi ya kilomita 2,000 kwa ndege, na ukicheza nyumbani na ugenini gharama hiyo inajirudia kila wiki. Zile mechi 5 hazikuwa uvivu, zilikuwa bajeti.

Migogoro ya malipo ina mfululizo wake. Novemba 1998 wachezaji waligoma kuendelea na safari ya Afrika Kusini, wakakaa hotelini karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Nahodha Lara na msaidizi wake Carl Hooper wakavuliwa vyeo, kisha wakarudishiwa, kisha wakaenda kupigwa 5-0. Mwaka 2009 wachezaji wakuu walisusa, Bangladesh wakashinda 2-0 Karibi dhidi ya kikosi cha dharura. Oktoba 2014 timu iliacha ziara ya India katikati, baada ya mechi ya nne ya ova 50 huko Dharamsala, na bodi ya India ikadai fidia ya karibu dola milioni 42.

Hilo la 2014 linauma zaidi ukilijua kiini chake. Bodi ilikuwa imekubaliana na chama cha wachezaji kuanzisha ligi ya kulipwa: mikataba 15 kwa kila moja ya timu sita, jumla 90, na mechi 10 za nyumbani na ugenini badala ya 5. Ndiyo dawa hasa ambayo Ova_Tisini anaieleza. Lakini sehemu ya pesa ilitolewa kwenye malipo ya wachezaji wa timu ya taifa, na wao wakasema hawakushirikishwa ipasavyo. Dawa sahihi ikaletwa kwa namna iliyovunja timu. Na haikudumu: baada ya janga la korona ligi ilirudi kwenye mechi 5, na msimu wa 2024 ilikuwa raundi 7.

Ushauri haukukosekana. Ripoti iliyoongozwa na P. J. Patterson, waziri mkuu wa zamani wa Jamaica, ilitoka 2007. Jopo la CARICOM, jumuiya ya nchi za Karibi, la 2015 lilipendekeza bodi ivunjwe mara moja. Bodi ilibadili jina 2017, ikawa Cricket West Indies, lakini msingi wa bodi sita ukabaki.

Kwenye mapato, mechi za mataifa mawili zinampa mwenyeji haki zote za matangazo. Mgeni hapati mgao. West Indies wakienda India au Uingereza wanajaza viwanja vya watu na kurudi mikono mitupu, na soko lao la nyumbani ni watu milioni chache. Katika mgawo wa ICC, shirikisho la kriketi duniani, wa 2024 hadi 2027, India inachukua asilimia 38.5 hivi, West Indies chini ya 5.

Kuhusu T20, angalia tarehe. Ziara zile za 0-5 na 0-3 zimetokea kabla T20 haijaanza Uingereza 2003, na kabla ya IPL, ligi ya T20 ya India, 2008. Kwa hiyo si chanzo. Ila ndiyo inayozuia kupona. Kieron Pollard hakucheza Testi hata moja. Andre Russell alicheza moja, Sunil Narine sita. Nicholas Pooran aliacha timu ya taifa Juni 2025 akiwa na miaka 29, bila Testi. Siwalaumu, maisha ya mchezaji ni mafupi na ligi zinalipa. Ni wakati wa Pollard, Russell na Narine ndipo West Indies ilibeba Kombe la Dunia la T20 mara mbili, 2012 na 2016. Vipaji vipo, vimekwenda kunakolipwa.

---

Kigingi_cha_Kati

Asanteni sana, wakuu. Kumbe mechi 5 zilikuwepo hata wakati wa ubingwa. Hilo sikuwahi kulisikia likisemwa wazi.

Nauliza jambo dogo: ile mechi ya 1996 ambayo Kenya waliwafunga West Indies inaingia wapi hapa? Na bado swali la 27.

---

Mguu_wa_Mbele

Kenya kwanza. Pune, 29 Februari 1996, Kombe la Dunia. Kenya walitolewa wote kwa 166, na sehemu kubwa kuliko ya mpigaji yeyote ilikuwa mikimbio ya ziada iliyogawiwa bure, 37. West Indies wakajibu kwa 93. Maurice Odumbe 3 kwa 15, Rajab Ali 3 kwa 17, na Lara akadakwa nyuma na Tariq Iqbal. Odumbe ni mrushaji wa spini asiye na kasi yoyote ya kutisha. Alichofanya ni kurusha kwenye mstari, ova baada ya ova, na kuwaacha wajikaange wenyewe. Wiki mbili baadaye, nusu fainali dhidi ya Australia huko Mohali, walikuwa 165 kwa wiketi mbili wakitafuta 208, wakatolewa wote kwa 202. Wiketi nane kwa mikimbio 37. Ukiziweka mechi hizo pamoja unaona kwamba ugonjwa wa kupiga ulikuwa umeshaingia wakati Ambrose na Walsh bado wapo. Kenya walistahili ushindi ule kikamilifu, na pia walikuwa wa kwanza kuuonyesha ulimwengu ufa wenyewe.

Sasa 27. Usiwaguse warushaji. Katika Testi hiyo Australia walitolewa kwa 225, kisha kwa 121, Alzarri Joseph akichukua tano na Shamar Joseph nne. West Indies walihitaji 204. Kwa hiyo timu ya Gabba 2024 na ya Kingston 2025 ni timu moja: warushaji wa daraja la juu, wapigaji wa daraja la chini. Gabba warushaji walishinda mechi peke yao. Kingston walifanya vilevile, na haikutosha.

Hali ilikuwa hii: mpira wa pinki (unaotumika kwenye Testi za mchana na usiku), ukiwa mpya. Ukiwa mpya ndipo unayumba zaidi. Mitchell Starc anarusha kwa mkono wa kushoto, na kwa mpigaji wa kulia mpira wake unaanza kama unatoka nje kisha unageukia miguuni na vigingini. Mpira wa kwanza kabisa John Campbell, wa kushoto, akadakwa na mlinda wiketi. Kabla ova haijaisha Kevlon Anderson alikuwa amenaswa mguuni mbele ya vigingi, na Brandon King vigingi vimevunjwa, mpira umepita kati ya gongo na mguu. Mikimbio sifuri, wametoka watatu. Starc alifikisha wiketi tano ndani ya mipira 15, akamaliza na 6 kwa 9. Scott Boland akaongeza tatu kwa mipira mitatu mfululizo. Zamu yote ilikwisha kwa ova 14 na mipira mitatu. Saba walitoka bila mkimbio. Justin Greaves pekee, na 11, alivuka tarakimu moja.

Angalia namna walivyotoka wale wa mwanzo na umkumbuke Udongo_Mfinyanzi. Mguu wa mbele umekwenda mapema na umesimikwa, mpira unageuka ukiwa umechelewa, gongo linalazimika kuuzunguka mguu. Dhidi ya mpira wa aina hiyo mpigaji anatakiwa kuchelewesha hatua, kuiweka fupi, kuelekeza ncha ya mguu kwa mrushaji badala ya kuuvusha mbele ya vigingi, na kuuacha mpira wowote usiolenga vigingi. Haya hayafundishwi wavuni kwa wiki moja. Yanatokana na mamia ya saa dhidi ya mpira mpya unaoyumba, yale yale ambayo Greenidge na Haynes walikuwa wanayapata kaunti kila mwaka.

Tena kwenye mechi hiyo walikuwa wamemwacha nje Kraigg Brathwaite, aliyekuwa ametoka kucheza Testi yake ya 100. Kiwango chake kilikuwa kimeshuka, uamuzi unaeleweka. Ila baadhi ya walioingia kupambana na Starc siku ile walikuwa na Testi za kuhesabu kwa vidole, na kwa Anderson ilikuwa ndiyo ya kwanza.

Baada ya mechi rais wa bodi, Kishore Shallow, aliwaita Lloyd, Richards na Lara kwenye kikao cha dharura. Kwangu mimi orodha ya kazi ni fupi: raundi 10 za nyumbani na ugenini zirudi, na pesa yake isitolewe mfukoni mwa timu ya taifa, pichi mbili au tatu kwenye kila eneo zichimbwe na kujengwa upya kwa udongo sahihi, timu ya pili ipelekwe Uingereza mwezi Mei, mpira unapoyumba, siyo Julai pichi zinapokuwa zimekauka, na wafunguaji wa zamu wapewe angalau raundi kadhaa za ligi kwa mpira wa pinki kabla ya Testi yoyote ya usiku.

---

Ova_Tisini

Mguu_wa_Mbele, hapo kwenye Mei umegusa penyewe. Naongezea moja: wapigaji chipukizi watatu au wanne wakiwekwa kwenye kaunti kwa msimu mzima, bodi ikichangia mishahara yao, gharama yake ni ndogo kuliko ziara moja ya kikosi kizima, na mechi wanazopata ni nyingi zaidi. Kaunti siku hizi zina nafasi ya wageni wawili uwanjani. Mlango ule uliofungwa umefunguka kidogo, na warushaji wao wameshaanza kuutumia. Wapigaji bado ni wachache.